Palizi ya Imani: Jinsi ya Kulilinda Neno Lisisongwe na Shughuli za Mji

Jioni moja nilikuwa kwenye feri ya Likoni, nimesimama katikati ya umati uliobanana hadi mtu hajui kama mkono ulioshika mfuko ni wake au wa jirani. Nikaona afadhali niutumie muda huo kusali. Nikaanza Baba Yetu kimoyomoyo. Nilipofika "utupe leo riziki yetu", akili ikachepuka. Riziki ikawa unga, unga ukawa bei ya unga, bei ikawa kodi ya nyumba, kodi ikawa ujumbe wa mwenye nyumba ambao nilikuwa sijaujibu tangu juzi. Nilipozinduka, feri imegusa ng'ambo, watu wanakimbilia matatu, na mimi Amina sijaifikia.

Hapakuwa na dhambi hapo. Kulipa kodi ni wajibu. Ndipo nikaelewa kwa nini Bwana Yesu, katika mfano wa mpanzi, hakusema kwamba miba huing'oa mbegu. Ndege huila, jua huikausha, lakini miba huisonga. Luka 8:14 inawataja watu waliolisikia neno, nao "husongwa na shughuli na mali, na anasa za maisha haya". Mmea upo, majani yapo, hata kanisani Jumapili mtu yumo, kiti chake kilekile. Punje ndizo hazipo.

Nyanya yangu alilima mahindi na kunde Rabai, kule wamishenari Krapf na Rebmann walikoanzisha misheni yao mwaka 1846. Sisi wajukuu tulipotumwa shambani tulipenda kubeba panga, kwa kuwa panga ni mchezo: unapiga, majani yanaruka. Alitukataza. "Hapo mwayanyoa tu," alisema. Na kweli, ndago ukiikata juu, baada ya wiki imerudi, maana uhai wake umo kwenye viazi vyake vidogo vilivyojificha ardhini. Palizi ni kuinama na jembe, tuta kwa tuta, na kurudia mahindi yakiwa bado machanga. Mikesha na mikutano ya injili nimehudhuria mingi, na mingine ilinifaa sana, lakini kwa tatizo hili la kusongwa ilikuwa panga. Ninachoandika hapa ni palizi, kama nilivyojifunza mwenyewe na kama tunavyofanya na wenzangu katika ushirika wetu wa nyumbani huku Kisauni.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Kulinda imani si kuikimbia dunia, na sisi watu wa Pwani hatuna udhuru wa kutolijua hilo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Simulizi za walionusurika zilikuwa za watu waliofundishwa kwamba shule, hospitali na hatimaye chakula chenyewe ni mambo ya dunia. Mtu akikwambia kwamba ili umfikie Yesu uache kumpeleka mtoto kliniki, huyo hapalilii shamba, analichoma. Yesu yuleyule aliyewaambia wanafunzi wasisumbukie chakula ndiye aliyewaandalia samaki na mkate juu ya makaa pale ufuoni (Yohana 21:9).

Hatua ya kwanza: Andika kinachokuvuta

Tafuta daftari dogo la karatasi, la kuingia mfukoni. Kwa siku saba, kila unaposali, unaposoma Biblia au kusikiliza mahubiri na akili ikatoroka, andika ilikokwenda. Neno moja au mawili yatosha: "kodi", "mkwe", "mechi", "uvimbe wa mama". Usijihukumu wala usijitetee. Andika, kisha rudi kwenye sala. Siku ya saba gawa maneno yako katika mafungu matatu ya Luka: shughuli, mali, anasa. Yatakayokataa kuingia kwenye fungu lolote yaache pembeni, hayo ndiyo huwa na habari nzuri zaidi.

Usianze kwa kubuni orodha kichwani. Mimi nilijua kabla ya kuandika kwamba adui yangu ni pesa. Daftari likasema vingine. Katika maneno thelathini na kitu niliyoandika wiki ile, ya pesa yalikuwa machache. Mengi yalikuwa watu: nani amejibu nini kwenye kikundi cha WhatsApp cha kamati ya harusi, nani alipita bila kunisalimu, kwa nini fulani amepewa kusoma somo la kwanza Jumapili na si mimi. Hilo la mwisho lilinitia aibu nikalifuta, kisha nikaliandika tena.

Na kazi za kanisa zisikosekane kwenye orodha kwa kuwa ni za kanisa. Kilichomhangaisha Martha kilikuwa kumkirimu Bwana (Luka 10:40). Mwinjilisti mmoja wa kwetu alipomaliza wiki yake aligundua kwamba karibu kila kilichomtoa kwenye sala kilikuwa ratiba ya ibada.

Hatua ya pili: Tenga wasiwasi wenye kazi na wasiwasi usio na kazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapopotea.

Kunja ukurasa katikati. Upande wa kushoto andika jambo ambalo lina hatua unayoweza kuichukua leo au kesho. Upande wa kulia andika lile ambalo, hata ukikosa usingizi mwezi mzima, mkono wako haulifikii. Kila neno la wiki yako liende upande mmoja. Jambo moja likiwa na pande zote mbili, ligawe.

Nitatoa mfano wangu. Kazi yangu ni uwakala wa forodha, kutoa mizigo bandarini. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza makontena ya kwenda bara yasafirishwe kwa SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, sisi wa Mombasa tuliona riziki ikipanda treni na kuondoka. Madereva wa malori, mafundi wa Changamwe, kina mama wauzao chakula kando ya barabara kule Miritini, walinzi wa yadi, wote tukawa twaulizana swali moja. Watu waliandamana. Agizo lilikuja kuondolewa Septemba 2022, baada ya serikali kubadilika. Katikati ya miaka hiyo mimi nililala na agizo, nikaamka na agizo, nikalipeleka hadi mezani pa Bwana. Nilikuwa na maoni juu yake kuliko mawaziri. Na wakati huohuo barua mbili za wateja wa zamani, watu wenye mizigo midogo ambayo treni haikuwahusu, zilikaa wiki tatu bila jibu. Mmoja alipata wakala mwingine.

Agizo lilikuwa la kulia. Barua zilikuwa za kushoto. Mimi nilikuwa nimehamia kulia na virago vyangu vyote, nikijiambia kwamba nimebeba mzigo mzito, kumbe niliouacha ndio uliokuwa wangu.

Kwa mambo ya kushoto, andika kitendo: piga, nenda, uliza, lipa nusu. Tuchukue ada ya shule, ambayo kila Januari huwatoa watu wengi kwenye sala kuliko shetani mwenyewe. Usingoje siku ya kufungua. Nenda kwa mwalimu mkuu wiki moja kabla, na ulicho nacho mkononi, hata kikiwa kidogo, umwambie kilichobaki utakileta lini. Fomu za basari za kaunti na za eneo bunge zina tarehe ya mwisho. Ulizia mapema kwa chifu au ofisi ya wadi, si baada ya mtoto kurudishwa nyumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa maoni yangu kuinama huko nako ni sehemu ya sala.

Kwa mambo ya kulia, omba kwa jina na kwa kiasi. Wafilipi 4:6 inasema haja zetu "zijulikane na Mungu". Sasa ukisema "Bwana, unijalie, Bwana, unikumbuke", hapo haja iko wapi? Sema: "Bwana, kodi ni elfu kumi na mbili. Nina elfu saba. Leo ni tarehe mbili, na mteja wangu hapokei simu." Kisha, kwa sababu mstari huohuo unadai na shukrani, taja jambo moja la leo lililokwenda vizuri. Moja tu, lakini liwe la kweli. Aya inayofuata inaahidi kwamba amani ya Mungu itaihifadhi mioyo yetu, na neno la Kigiriki alilotumia Paulo hapo ni la kijeshi, la askari wa zamu. Kwa lugha ya Mombasa ningesema amani hiyo ni bawabu. Bawabu hamalizi watu barabarani. Yeye yuko mlangoni, na anajua nani aingie na nani asimame nje.

Ukizinduka saa nane usiku na wazo limekukaba, usibishane nalo gizani. Washa taa, liandike kushoto au kulia, zima taa. Zaburi 127:2 inautaja usingizi kuwa ni kitu Mungu anachompa mpenzi wake. Mimi huisoma kama ruhusa.

Hatua ya tatu: Weka kengele tatu

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani utafika Kengeleni. Jina limetokana na kengele ya Frere Town, makazi ambayo wamishenari wa CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Kianglikana, waliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele ile ilipigwa wawindaji wa watumwa walipoonekana wakikaribia. Nimepita hapo mara ngapi nikiwa ndani ya matatu, nikiangalia simu! Lakini fikiria mtu aliyewahi kufungwa kamba, sasa yuko huru, analima kibustani chake. Kengele ikilia, hakujiuliza kama leo ana hamu ya kuitikia.

Basi sala isingoje hamu. Chagua nyakati tatu, fupi, na uzifunge kwenye kitu ambacho tayari kinatokea kila siku, kwa sababu saa ya simu utaizima.

Ya kwanza alfajiri. Sioni haya kusema kwamba mimi huamshwa na adhana ya msikiti wa jirani. Mwadhini huita wake kwenye yao, nami naamkia yangu, na baadaye sote twakutana kwa mama yuleyule tukinunua mahamri na mbaazi. Kabla sijagusa simu nasoma zaburi moja, au nusu ikiwa ni ndefu, kwa sauti ya chini. Sauti ni muhimu. Macho yanaweza kusoma ukurasa mzima huku akili iko Marikiti. Mdomo ni mgumu zaidi kuudanganya.

Ya pili ni ya mchana, na hii iwekwe njiani: kwenye feri, kwenye tuktuk, kwenye foleni ya lango la bandari, ukingojea wali uive. Dakika tatu zatosha. Hapa ndipo nilipojifunza dawa ya ule mchepuko wa Likoni. Akili ikitoroka, usiirudishe kwa fimbo. Kile ilichokimbilia kiingize kwenye sala palepale ulipofikia. Nikifika "riziki yetu" na kodi ikaja, nasema, "Hiyo ndiyo riziki niliyokuwa naiomba, Bwana: kodi," kisha naenda kwenye "utusamehe deni zetu", ambako mwenye nyumba mara nyingi huningojea tena, kwa sababu nyingine. Siku hizi Baba Yetu moja hunichukua kutoka lango hadi lango.

Ya tatu ni usiku, na kama una familia iwe ya nyumba nzima, hata dakika tano. Kwetu kila mtoto husema mstari mmoja wake mwenyewe. Mdogo aliwahi kuombea kuku wa jirani miezi miwili mfululizo. Tulimwacha.

Hatua ya nne: Simu isilale nawe

Ngome ya Yesu, Fort Jesus, Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, kuta nene za matumbawe, mizinga imetazama bahari. Mwaka 1631 ikatekwa bila ukuta kubomolewa. Aliyeiteka, Sultani Yusuf bin Hasan, alikuwa amelelewa na Wareno wenyewe na kubatizwa, na walinzi walimjua. Aliingia kwa lango. Walioikataa amri yake ya kuacha Ukristo waliuawa, Wareno na Waafrika.

Huwa nailinganisha na simu, kwa sababu simu nayo haikuvunja ukuta. Ndani yake mna Biblia, nyimbo, kikundi cha kwaya, risiti za zaka, picha ya mjukuu. Twaifungulia lango wenyewe, tena kwa furaha. Tufanye hivi:

Ichajiwe sebuleni au jikoni, si kitandani. Kama huiamini saa yako ya kuamka, nunua ya mezani. Vikundi vyote vya WhatsApp vinyamazishe, hata vya kanisa, hasa vya kanisa; visome mara mbili kwa siku. Kamati ya mazishi ikikuhitaji kwa haraka itakupigia. Biblia ya ibada yako ya alfajiri iwe ya karatasi, kwani kwenye simu, kati ya Mathayo na Marko, hukosi kupita ujumbe kumi na mbili. Habari za siasa na za bandari zisome mara moja, mchana, ukiwa umeshiba.

Kuhusu kubeti, sitazunguka. Mkeka wa wikendi na ule mchezo wa ndege inayopaa umo katika mafungu yote matatu ya Luka kwa wakati mmoja: ni shughuli, ni mali, ni anasa. Vijana wananiambia, "Mzee, ni shilingi hamsini tu." Si shilingi hamsini. Ni mahubiri yote ya dakika arobaini ambayo hukuyasikia kwa kuwa mechi ilianza saa saba. Ifunge akaunti, ifute programu, na umwambie mtu mmoja kwamba umeifuta. Bila huyo mtu mmoja itarudi Jumamosi.

Hatua ya tano: Mwambie mtu kiasi unachodaiwa

Udanganyifu wa mali, kama Marko 4:19 inavyouita, hauwapati matajiri peke yao. Maskini naye hudanganywa, na siku hizi hudanganywa kwa mkopo wa simu unaoingia kabla hujamaliza kuomba.

Mwaka mmoja nilikuwa na mikopo minne ya namna hiyo, mmoja nikiuchukua kulipa mwingine. Nilianza kukosa ushirika wa Jumatano kwa sababu ya aibu ambayo hakuna aliyenitia. Hatimaye nilikwenda kwa mama mmoja mzee wa Umoja wa Kina Mama, nikijua ataniwekea mikono aniombee nirudi nyumbani mwepesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjana hivyo?"

"Nimekuja tuombe, mama. Mambo ni mazito."

"Tutaomba. Wadaiwa ngapi?"

Nikataja. Nikataja pungufu.

"Na hizi za simu?"

Nikanyamaza.

"Mungu azijua zote. Unayenificha ni mimi, na mimi ndiye nitakayekuuliza Jumatano."

Akaniletea karatasi, nikaziandika zote mbele yake, tarehe na riba. Ndipo akaomba, sala fupi kuliko salamu zake. Na Jumatano aliuliza kweli. Ilinichukua miezi saba kumaliza, ndogo kwanza, na katika miezi hiyo sikukosa ushirika, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kuficha.

Kwa hiyo tafuta mtu mmoja, mwanamume kwa mwanamume au mwanamke kwa mwanamke, ama mzee kama yule mama, mwenye mdomo mzito. Mchungaji wako ana watu wengi. Si lazima awe yeye. Kila wiki akuulize maswali mawili tu: daftari lasemaje, na upande wa kushoto umefanya nini. Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika pamoja, na nadhani wengi husoma hapo wakifikiria viti vya kanisani. Mimi hufikiria kibaraza cha yule mama.

Zaka na sadaka toa kadiri ulivyopangia. Lakini anayekwambia utume "mbegu" ya elfu tano ili wasiwasi wako uishe, huyo anakuuzia miba kwa bei ya mahindi, na Biblia aliyoishika mkononi haibadilishi kitu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba tukiwa na chakula na nguo tutaridhika na vitu hivyo (1 Timotheo 6:8). Kwa maneno hayo sijaona mtu akijenga kanisa la ghorofa.

Hatua ya sita: Siku moja isiyo na soko

Kutoka 16 inasimulia jinsi Waisraeli walivyookota mana kila asubuhi, na siku ya sita wakaokota maradufu ili siku ya saba wapumzike. Watu hukumbuka pumziko na kusahau maradufu. Pumziko huandaliwa. Ukitaka Jumapili yako isisongwe, Jumamosi nenda Kongowea ununue ya siku mbili, fua, piga pasi, chemsha mbaazi, lipa tokeni za stima. La sivyo utakuwa kanisani na pasi iko kichwani.

Najua si kila mtu ana Jumapili. Bandari haifungi, askari wa getini hana sikukuu, na wafanyakazi wa hoteli za Nyali na Bamburi, Desemba ndio mwezi wao wa jasho. Kama zamu yako ni ya Jumapili, chagua nusu siku nyingine, uitangaze nyumbani na uishike kila wiki, hata ikiwa Jumanne alasiri. Ulizia kanisa lenye ibada ya katikati ya wiki au ya asubuhi mapema. Nusu siku inayojulikana yafaa kuliko siku nzima ya "nikipata nafasi".

Na katika siku hiyo, furahi. Mtu akinichukua Jumapili alasiri kule ufuo wa Pirates, watoto wanaoga, kuna viazi karai na ukwaju, sioni kwamba imani yangu imepungua. Anasa inayosonga ni ile unayoirudia ukiwa huna tena raha nayo. Kuhusu vilabu vya Mtwapa na muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, wa kila jioni sina mengi ya kusema. Kama jina hilo limo kwenye daftari lako mara tano kwa wiki, umeshaliona mwenyewe.

Palizi isipotosha

Kuna wasiwasi ambao si miba, ni ugonjwa. Ukikosa usingizi wiki nyingi, moyo ukidunda bila sababu, chakula kikikataa, au ukajikuta unatamani usiamke, usiongeze mfungo. Nenda hospitali, umsimulie daktari au muuguzi kama unavyomsimulia mchungaji, bila kupunguza. Mwombe yule mtu wako mmoja akusindikize. Elia, nabii mzima, aliketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika aliyetumwa hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale, palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kilekile (1 Wafalme 19). Mahubiri yalikuja siku nyingi baadaye, mlimani, tena kwa sauti ndogo.

Palizi ya pili

Baada ya mwezi mmoja, rudia ile wiki ya kwanza ya kuandika. Usitegemee ukurasa mtupu. Linganisha tu: lipi limetoweka, lipi limehama kutoka kulia kwenda kushoto, lipi jipya limechipuka. Ya zamani yakiwa yaleyale yote, usilaumu imani yako kwanza. Angalia kama kengele zako tatu zililia, na kama mtu wako alikuuliza. Mara nyingi ni mojawapo ya hayo mawili. Kisha panga wiki nyingine kama hiyo kabla ya mwezi wa Desemba na nyingine kabla ya shule kufunguliwa Januari, maana hapo mvua hunyesha na ndago huota.

Daftari langu la kwanza lilijaa mwaka jana. Katika la pili, ukurasa wa kwanza, upande wa kushoto, nimeandika: "Mwenye nyumba. Mpigie leo." Upande wa kulia kuna jina la mtoto wangu wa pili, na limekaa hapo tangu Machi.